Shajara ya Mradi: Gari la Michezo Jepesi la Kujitengenezea

Wiki ya 1

Kabla ya kukata hata kipande kimoja cha chuma nimetenga madaftari mawili. La kwanza ni la fedha, na kila mtu anayejenga kitu analo. La pili ni la uzito, na hilo ndilo nitakalolitegemea zaidi, kwa kuwa nimejiwekea sharti kwamba hakuna kifaa kitakachofungwa kwenye gari hili kabla hakijapita juu ya mizani na kuandikwa. Nimeona miradi ya namna hii ikianza na nia njema ya wepesi na kuishia kuwa gari zito lisilo na paa, na chanzo chake huwa ni kilekile: hakuna aliyekuwa akihesabu.

Shabaha ni gari la watu wawili, lenye injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma, lisilo na paa wala milango, ambalo uzito wake likiwa na nusu tangi ya mafuta na bila mtu ndani hautazidi kilo 600. Umbo nimelitoa katika ukoo wa Lotus Seven, gari lililobuniwa na Colin Chapman na kutolewa Uingereza mwaka 1957, ambalo wengi walilinunua likiwa vipande na kuliunganisha wenyewe nyumbani kwa sababu vipande havikutozwa kodi ya manunuzi iliyotozwa gari zima. Mwaka 1973 haki za kulitengeneza zilihamia Caterham, na umbo lile linatengenezwa hadi leo. Sikulichagua kwa mapenzi ya mambo ya kale. Nimelichagua kwa sababu karibu kila upande wake ni bapa, hivyo mtu mwenye mabomba ya mraba, bati la alumini na subira anaweza kulijenga bila mashine ya kukunja chuma.

Injini na viungo vitatoka katika Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ambayo hii yangu iligongwa ubavuni ikapinda kiasi cha kutofaa kunyooshwa. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,598 na hutoa kilowati 85 hivi, na gari zima lilikuwa na uzito wa takriban kilo 940. Ukigawanya nguvu kwa uzito unapata wati 90 kwa kila kilo. Injini hiyohiyo katika gari la kilo 600 inatoa wati 142 kwa kila kilo. Ili kufikia uwiano huo bila kupunguza uzito ningehitaji injini ya kilowati 133, nayo ingedai klachi kubwa zaidi, breki kubwa zaidi, rejeta kubwa zaidi na tairi pana zaidi, na kila kimoja kingekuja na uzito wake na bei yake. Kwa hesabu hiyo, gari jepesi na gari la bei nafuu si malengo mawili.

Nilifikiria pia injini ya pikipiki, ambayo ingeokoa makumi ya kilo. Nimeiacha kwa sababu haina gia ya kurudi nyuma, klachi yake haikuundwa kuondoa gari zima mahali lilipo, na viunganishi vya kuipeleka nguvu kwenye difrenshali (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) vingekula akiba yote niliyoipata.

Kazi ya mwisho ya wiki hii imekuwa kusoma kanuni za usajili wa magari ya kujitengenezea. Hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, na baadhi zinataja hata kimo cha taa na umbali wa ukingo wa usukani kutoka kifuani. Ni rahisi kuyatimiza hayo kwenye karatasi kuliko kwenye chuma kilichokwisha kuchomelewa.

Wiki ya 3

Gari la vipuri, yaani ile Mazda iliyogongwa, limechinjwa. Imechukua siku tatu, na zaidi ya nusu ya muda huo ilikwenda kwenye bolti nne zilizoshikwa na kutu. Kila kilichotoka kimepimwa: injini pamoja na vifaa vyake kilo 130, giaboksi kilo 34, difrenshali na nyumba yake kilo 27, magurudumu manne na tairi zake kilo 52. Kitita cha nyaya zote kimefika kilo 19, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

Uamuzi mmoja umenisumbua. Katika gari hili giaboksi na difrenshali zimeunganishwa kwa boriti ndefu ya alumini inayopita kati ya viti, na boriti hiyo ndiyo inayozuia pua ya difrenshali isiinuke dereva anapokanyaga mafuta. Ukiiondoa, lazima utengeneze kishikio kingine mbele ya difrenshali na kingine chini ya giaboksi, na vyote viwili vifungwe kwenye fremu mahali penye nguvu. Ukiibakiza, umbali kati ya injini na ekseli ya nyuma unabaki uleule wa kiwandani. Nimeibakiza. Umbali kati ya ekseli za gari langu utakuwa milimita 2,300, na za gari la awali ulikuwa 2,265, kwa hiyo tofauti yote inakwenda mbele ya injini, na propela (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difrenshali) inabaki ya urefu wake bila kukatwa. Propela iliyokatwa na kuungwa upya ni lazima isawazishwe kwa mashine maalumu, na hiyo ni gharama ambayo nimeikwepa kwa kuchora tu.

Wiki ya 5 hadi ya 8

Fremu. Nimetumia bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, lenye unene wa ukuta wa milimita 1.6. Mita moja ya bomba hilo ina uzito wa kilo 1.18 hivi, na mchoro wangu ulidai mita 60, yaani kilo 70 kabla ya kuhesabu vishikio.

Kazi imefanyika juu ya meza ya mbao nene za tabaka, iliyosawazishwa kwa pimamaji na kuchorwa mstari wa kati kwa uzi. Kila bomba limekatwa, likatengenezwa ncha kwa tupa hadi nafasi kati yake na jirani yake isipite unene wa karatasi ngumu, kisha likabanwa kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa mezani. Nafasi kubwa kati ya mabomba haizibwi kwa ustadi wa kuchomelea. Inazibwa kwa chuma kilichoyeyuka, na chuma hicho kikipoa hujikunja na kuvuta bomba.

Somo hilo nimelijifunza kwa njia ngumu. Kwa wiki mbili za kwanza nilikuwa nikishikiza viungo kwa matone madogo tu, nikipima mishazari ya kila chumba cha fremu kabla ya kuendelea, na tofauti haikuwahi kuvuka milimita 1. Siku ya Jumamosi ya wiki ya 7, mkono ukiwa umezoea na mashine ikiwa imekubali, nikamalizia viungo vyote vya upande wa kushoto mfululizo, kimoja baada ya kingine. Jumapili asubuhi mshazari mmoja wa chumba cha injini ulizidi mwenziwe kwa milimita 5. Upande mmoja ulikuwa umepoa na kusinyaa wakati upande wa pili haujaguswa. Nililazimika kukata mabomba mawili ya mshazari, kuvuta fremu kwa mnyororo hadi ikae sawa, kushikiza upya, na kisha kumalizia kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo: kiungo kimoja kushoto, kingine kulia, kimoja juu, kingine chini, na mapumziko kati yake hadi chuma kiguswe kwa mkono mtupu. Sasa tofauti kubwa kabisa ni milimita 1.5, nami nimeikubali.

Mambo mawili ya usalama yameandikwa ukutani kwa chaki. La kwanza ni kwamba bomba lililopakwa zinki halichomelewi kabla zinki haijaondolewa, kwa sababu moshi wake humletea mchomeleaji homa. La pili ni kwamba chuma hakisafishwi kamwe kabla ya kuchomelewa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwani joto na mwale wa mashine huweza kuigeuza kuwa fosjeni, gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

Kabla ya kuamini mkono wangu nilichomelea vipande kumi vya majaribio, nikavikata kwa msumeno katikati ya kiungo na kuvikagua kwa ndani. Vitatu vya kwanza vilikuwa vizuri juu na vitupu ndani: chuma kilikuwa kimelala juu ya bomba bila kupenya. Niliongeza mkondo wa umeme, nikapunguza mwendo wa mkono, na vilivyofuata vikapenya. Pamoja na hayo, mikono ya magurudumu ya mbele, yaani vyuma vinavyoliunganisha gurudumu na fremu, sikuichomelea mwenyewe. Niliikata, nikaipanga kwenye kiolezo chake na kumpelekea mchomeleaji mwenye cheti, kwa kuwa kiungo cha fremu kikifa kuna vingine ishirini vya kukisaidia, lakini mkono wa gurudumu hauna msaidizi.

Wiki ya 9

Wiki hii sijaongeza kitu kwenye gari ila nimelisokota. Ndiyo wiki iliyonifundisha zaidi ya zote mpaka sasa.

Fremu isiyo na paa ina udhaifu wa asili. Mbele kuna chumba cha injini kilicho wazi juu ili injini iweze kuingia, katikati kuna nafasi ya watu iliyo wazi ili watu waweze kuingia, na sanduku lisilo na kifuniko husokoteka kwa urahisi. Fremu ikisokoteka, springi za mbele na za nyuma hazizungumzi lugha moja, na hata ukibadili ugumu wake gari haliitikii, kwa sababu fremu yenyewe imekuwa springi ya tano.

Nilifunga sehemu ya nyuma ya fremu, kwenye vishikio vya mikono ya magurudumu, juu ya boriti mbili nzito zilizotiwa nanga sakafuni. Mbele niliiegemeza juu ya ukingo mmoja mwembamba katikati, ili iweze kuyumba kushoto na kulia bila kuinuka. Kisha nikafunga boriti ya kuvuka mbele, na umbali wa mita 1 kutoka katikati nikatundika kilo 80, yaani msokoto wa nyutoni-mita 785. Kwa saa ya kupimia (kifaa cha mshale kinachosoma sehemu za milimita) iliyowekwa milimita 400 kutoka mstari wa kati, fremu ilishuka milimita 5.3 upande mmoja na kupanda kiasi hichohicho upande wa pili. Pembe hiyo ni nyuzi 0.76, na uthabiti wake ni takriban nyutoni-mita 1,030 kwa kila digrii.

Sikuridhika, ila sikukimbilia kuongeza mabomba. Nilishika mabomba kwa mkono mmoja baada ya jingine huku mwenzangu akikalia ncha ya boriti na kuinuka, na mahali palipocheza palijionyesha wazi: pembe nne za juu za chumba cha injini zilikuwa zikigeuka kutoka mraba kuwa msambamba. Nikaongeza bomba mbili za mshazari kutoka pembe za nyuma za chumba hicho kuja katikati mbele, zinazofungwa kwa bolti ili zitoke injini inapotolewa. Uzito wake ni kilo 1.9. Kisha nikafunga bati la alumini la milimita 1.2 kuzunguka handaki la giaboksi kwa gundi na ribiti zilizoachana milimita 50, bati ambalo lingehitajika hata hivyo ili kuwakinga watu dhidi ya propela.

Jaribio la pili limetoa milimita 3.5 badala ya 5.3. Uthabiti sasa ni takriban nyutoni-mita 1,570 kwa digrii, ongezeko la zaidi ya nusu kwa chini ya kilo mbili za chuma kipya. Nadhani hii ndiyo biashara bora kabisa katika mradi mzima, na ningeikosa kama ningeongeza mabomba kwa kukisia. Mabomba matatu niliyokuwa nimeyakata tayari kwa ajili ya kuimarisha sehemu ya nyuma, mahali ambapo hapakucheza hata kidogo, yamerudi kwenye kona ya chakavu.

Wiki ya 12 hadi ya 14

Viungo vya magurudumu. Nyuma nimetumia mikono ya awali ya gari la vipuri. Mbele nimetumia vitovu vya awali vya magurudumu pamoja na mikono mipya ya umbo la A, kwa kuwa fremu yangu ni nyembamba zaidi.

Tatizo lililokula siku nyingi ni gurudumu kujikata lenyewe linapopanda na kushuka. Fimbo ya usukani na mikono ya gurudumu huzunguka kila moja kwenye duara lake, na maduara hayo yasipokubaliana, kila shimo barabarani linageuka kuwa amri ya usukani ambayo dereva hakuitoa. Fimbo ya usukani inapaswa kuelekea kwenye nukta ileile ambayo mistari ya mkono wa juu na wa chini hukutana, na urefu wake ulingane na nafasi yake kati ya mikono hiyo.

Kwenye mchoro kila kitu kilikubaliana. Kwenye gari, springi zikiwa zimetolewa na gurudumu likiinuliwa kwa jeki, ukingo wa mbele wa ubao niliofunga kwenye kitovu ulikwenda nje milimita 6 kwa kila milimita 50 za kupanda. Nilikuwa nimepima kimo cha reki ya usukani (upau wenye meno unaosukuma fimbo za usukani) hadi kwenye nyumba yake, badala ya kupima hadi katikati ya kiungo cha ndani cha fimbo. Nikakata vishikio viwili, nikavichomelea upya na kuacha nafasi ya vipande vya kurekebishia kimo. Kwa kushusha reki milimita 9 mkato umepungua hadi chini ya milimita 1 katika mwendo wote ninaoutarajia. Vipande hivyo ni gramu 210, na vimeandikwa.

Nimeagiza springi za mbele pia. Kila kona ya mbele itabeba kilo 138 juu ya springi, na kwa mtikisiko wa mara 1.8 kwa sekunde ugumu unaotakiwa gurudumuni ni nyutoni 17.65 kwa milimita. Kwa kuwa shokomzoba imefungwa ndani zaidi kuliko gurudumu, kwa uwiano wa 0.7, nimegawanya na kuagiza springi za nyutoni 25 kwa milimita.

Wiki ya 16

Breki. Diski na kalipa (vibano vinavyozibana diski) ni za gari la vipuri, ambalo lilikuwa zito kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo uwezo wake unatosha. Kilichobaki ni mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Gari lenye dereva litakuwa na kilo 700 hivi, na nimekadiria kuwa asilimia 48 yake itakaa mbele. Likipunguza mwendo kwa sehemu 0.9 ya mvuto wa dunia, huku kitovu cha uzito kikiwa milimita 450 juu ya ardhi, kilo 123 zinahama kutoka nyuma kwenda mbele, na magurudumu ya mbele yanabeba asilimia 66 ya mzigo. Nimeweka silinda kuu mbili zilizounganishwa kwa mzani unaorekebishika kwenye pedali, nami nimeuegemeza mbele kidogo kupita hesabu, ili magurudumu ya mbele yafunge kwanza. Yakianza ya nyuma, gari hugeuka kichwa mkia.

Mabomba ya breki ni mapya, pamoja na kila kiungo chake. Nimetumia vitu vya zamani kila mahali nilipoweza, lakini si hapa.

Wiki ya 18

Nyaya. Kilo 19 zimepungua hadi 8.5 baada ya kutoa kiyoyozi, vioo vya umeme, redio, milango na mfumo wa joto. Nilifungua mkanda wote, nikatandaza nyaya sakafuni na kufuata kila uzi kutoka kwenye kompyuta ya injini hadi mwisho wake kabla ya kukata. Injini iligoma kuwaka kwa siku mbili. Sababu ilikuwa rangi: waya wa kurudishia umeme ulikuwa umefungwa vizuri kabisa juu ya fremu iliyopakwa rangi nzuri kabisa. Nikakwangua sehemu ya ukubwa wa sarafu, na ikawaka mara ya kwanza.

Wiki ya 21

Pua na walinzi wa matope ni wa fibaglasi. Pua ya kwanza ilitoka na kilo 9.8 kwa sababu niliogopa kwamba itapasuka, nikaongeza tabaka na kuacha utomvu ukituama kwenye pembe. Ya pili, yenye tabaka mbili za mkeka na utomvu uliokamuliwa kwa rola, ina kilo 6.1 na haionyeshi dalili ya udhaifu. Ya kwanza imekuwa kifuniko cha kuku wa jirani wa karakana, na inasemekana haivuji.

Rejeta imewekewa mlango wa hewa mdogo kuliko uso wake, huku nafasi zote za pembeni zikiwa zimezibwa. Hewa ni mvivu. Ukiiachia upenyo pembeni ya rejeta itapita huko.

Wiki ya 24

Gari limeshushwa juu ya magurudumu yake kwa mara ya kwanza, na mbele likazama kuliko ilivyotakiwa. Lilipaswa kukaa baada ya gurudumu kupanda milimita 77 kutoka mwisho wa mwendo wake. Lilipanda 110, likaacha mpira wa kuzuia ukiwa karibu kugusa.

Nilirudi kwenye ukurasa wa wiki ya 13 na kosa likanitazama usoni. Uwiano wa 0.7 hufanya kazi mara mbili: springi husogea kidogo kuliko gurudumu, na nguvu yake hufika gurudumuni ikiwa imepunguzwa kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo ugumu hugawanywa kwa 0.7 mara 0.7, yaani 0.49, si kwa 0.7. Springi sahihi ni ya nyutoni 36 kwa milimita. Zile za nyutoni 25 zilikuwa zikinipa 12.25 tu gurudumuni, na mtikisiko wa mara 1.5 kwa sekunde, ambao ungefaa gari la kubebea wazee kwenda hospitali. Nimeagiza nyingine. Katika daftari la fedha hili ni kosa la pili kwa ukubwa, baada ya mashine ya kuchomelea ya bei rahisi niliyoinunua na kuitupa kabla shajara hii haijaanza.

Wiki ya 26

Siku ya mizani. Mizani minne, mmoja chini ya kila gurudumu, juu ya sakafu iliyosawazishwa kwa vipande vya vigae. Likiwa na nusu tangi na bila mtu: mbele kushoto 151, mbele kulia 147, nyuma kushoto 163, nyuma kulia 160. Jumla ni kilo 621.

Nimezidisha kilo 21, na kwa kuwa kila kitu kimeandikwa ninajua zilikotoka. Kilo 9 ni bolti, nati, washa, ribiti na gundi, ambazo sikuzitengea hata gramu moja kwenye bajeti ya mwanzo. Kilo 5 ni vimiminika nilivyovisahau. Kilo 3 ni rangi. Kilo 4 ni tao la kinga nyuma ya vichwa, ambalo nilibadilisha mawazo juu yake na kulitengeneza kwa bomba nene zaidi, na hizo sizihesabu kuwa kosa.

Nikiwa nimeketi kwenye kiti, jumla ni kilo 696, na mbele kuna 320, yaani asilimia 46 na si 48 niliyoikadiria, kwa sababu dereva hukaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Hesabu ya breki nimeirudia: mbele inatakiwa asilimia 64 badala ya 66. Nimerudisha mzani wa pedali nyuma kwa nusu ya tofauti hiyo tu.

Jumla ya mshazari wa mbele kulia na nyuma kushoto ilikuwa 342, na wa pili 354. Gari la namna hiyo hukata kona za upande mmoja vizuri kuliko za upande wa pili. Nimekaza vikombe vya springi vya mbele kulia na nyuma kushoto, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi mishazari yote miwili ikasoma 348. Ilichukua saa tatu, na nusu ya muda huo nilikuwa nimeketi ndani nikisomewa namba.

Wiki ya 28

Kilomita 40 kwenye uwanja uliofungwa, kwa awamu, kuanzia na mwendo wa miguu. Breki zilijaribiwa kabla ya kitu kingine chochote, na kiungo kimoja cha bomba la nyuma kilikuwa kikitoa jasho. Kimekazwa na kukauka. Magurudumu ya mbele yanafunga kwanza. Joto la maji limetulia kwenye nyuzi 91. Usukani unarudi wenyewe katikati, na juu ya matuta haunivuti mkono, jambo lililonikumbusha vishikio viwili nilivyovikata wiki ya 13 kwa hasira.

Tairi nimeacha zile za 185/60 za rimu ya inchi 14. Nilishauriwa niweke pana zaidi, lakini gari la uzito huu hupata taabu kuzipasha joto hata hizi.

Baada ya kurudi nimekaza bolti zote za viungo vya magurudumu kwa spana ya kipimo na kuziwekea alama ya rangi. Saba kati yake zilikubali kuzunguka kidogo. Vishikio vyote viwili vya walinzi wa matope wa mbele vimepata ufa kwenye mkunjo, kwa sababu mlinzi hupanda na kushuka pamoja na gurudumu na kutikisika kuliko nilivyofikiri. Vipya nimevikata kutoka bati nene zaidi, na mkunjo wake una duara pana. Kila kimoja kimezidi cha zamani kwa gramu 150. Daftari sasa linasoma kilo 621.3.